Swali la zabibu

Nimetoka sasa hivi kwenye mtihani wa mchujo wa kazi hapa Dodoma, nami nimekaa kwenye benchi la Nyerere Square kabla ya kutafuta daladala.

Sehemu ya mantiki ndiyo iliyonitoa jasho. Swali lilidai kwamba, kwa kuwa zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, mkulima wake hupata fedha nyingi kuliko mkulima wa alizeti anayevuna mara moja. Tukatakiwa kuchagua dhana ambayo hoja hiyo imeitegemea bila kuitamka.

Nilichagua haraka "zabibu hustawi Dodoma". Nimekulia Hombolo, eneo la Dodoma linalolima zabibu, ukinitajia zabibu akili inahama!

Kisha nikakumbuka kulikanusha kila jibu ili nione kama hoja itaanguka. Hata zabibu zisipostawi Dodoma, hoja inabaki imesimama. Lakini ukisema kwamba mavuno yale mawili hayafikii thamani ya vuno moja la alizeti, hoja yote inaporomoka.

Nilifuta kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka, na jibu langu sahihi sasa limezunguka tundu dogo ambalo sijui msahihishaji atalionaje.

Ndugu zangu mliowahi kufanya mitihani hii, ninyi huzitambuaje dhana za namna hiyo?