Antena ya gari kwa mawasiliano ya setilaiti: waya kwanza, fimbo baadaye

Machi

Sisi tunaoishi karibu na ikweta tuna setilaiti ya redio ya ridhaa ambayo wenzetu wa Ulaya haiwafikii kabisa: IO-86 ya Indonesia. Ilirushwa kutoka India Septemba 2015, iko kilomita 650 hivi juu, na njia yake imeinama nyuzi 6 tu kutoka ikweta. Hapa Kilifi hupita kila baada ya saa moja na dakika 45 hivi, usiku na mchana, ikichomoza upande wa bara na kuzama baharini. Kirudiaji chake cha sauti, yaani chombo kinachopokea sauti zetu na kuzituma tena chini, hakiwashwi saa zote, hufuata ratiba. Kikiwashwa tu, Réunion na kusini mwa India huingia katika duara moja nasi.

Kwa ajili yake nimeanza kufunga mtambo kwenye Probox yangu. Nataka nikiegesha popote kati ya hapa na Malindi niweze kuongea bila kusimama juani na antena ya Yagi, ile ya vijiti ya kuelekezwa kwa setilaiti, mkononi. Kutuma ni megahezi 145.880 pamoja na toni ya hezi 88.5 ya kufungulia kirudiaji, kupokea ni 435.880.

Aprili: waya

Nimenunua waya wa koaksi, unaounganisha antena na redio, kabla ya antena, na kila anayeniuliza namwambia afanye hivyo hivyo. Setilaiti hutuma kwa nguvu ndogo. Ishara ikishaliwa na waya kabla ya kufika redioni, hakuna kitufe cha kuirudisha. Ukiongeza sauti unaongeza na kelele. Upotevu nao hupanda pamoja na masafa, hivyo waya unaovumilika kwenye 145 unaweza kukuangusha kwenye 435, na huko ndiko tunakosikiliza.

Kutoka katikati ya paa, kupitia mlango wa nyuma, hadi chini ya dashibodi ni mita 5. Kwa urefu huo kwenye 435, RG-58, aina ya waya ambayo huja na antena nyingi za sumaku za bei nafuu, hupoteza takriban desibeli 1.7, yaani karibu theluthi ya ishara. LMR-240 hupoteza chini kidogo ya 0.9. LMR-400 inashinda zote kwa 0.45, lakini ina unene wa milimita 10 na haitaki kupindwa kwenye kona za gari dogo. RG-213 ya zamani ina unene huohuo, na bado hupoteza karibu sawa na LMR-240 ya milimita 6. Nimechukua LMR-240 ile laini, yenye nyuzi nyingi katikati, kwa sababu barabara zetu za murram hutikisa kila kitu na waya mgumu huchoka.

Jirani yangu fundi wa dishi aliuliza kwa nini nisitumie RG-6, maana imejaa madukani. Ni ya omu 75 (kipimo cha ukinzani ambacho waya na redio vinapaswa kulingana) na redio zetu ni za omu 50, lakini tofauti hiyo peke yake hasara yake ni ndogo kuliko inavyosemwa, na nyumbani naitumia kusikilizia bila wasiwasi. Kwenye gari naikataa kwa sababu nyingine: wavu wake wa alumini haushiki lehemu, na konekta ya kubana tu hulegea kwa mtikisiko.

Mahali pa hatari ni mlangoni. LMR ina povu ndani. Raba ya mlango ikilibana kila siku povu hubonyea na omu 50 hazibaki 50. Hapo nimeunga kipande cha RG-316, sentimita 30, chembamba cha milimita 2.5. Kinakula chini ya desibeli 0.2 na mlango unafungika vizuri. Konekta zote za upande wa 435 ni N au SMA. Konekta ya PL-259 nimeiachia redio ya HF, yaani ya masafa mafupi.

Mei: fimbo

Antena ndefu za gari zinazotangazwa kwa desibeli nyingi hubana mawimbi yaende mlalo, kuelekea upeo wa macho. Kwa kirudiaji cha mlimani ni sawa. IO-86, ikionekana kutoka Kilifi, kilele chake hakishuki chini ya nyuzi 25 hivi juu ya upeo wa macho, na mara nyingi ni juu zaidi. Desibeli zilizolala chini hazinisaidii.

Nimeweka fimbo moja ya sentimita 49 juu ya sumaku, katikati ya paa la chuma. Kwenye 145 ni robo ya urefu wa wimbi. Kwenye 435 fimbo hiyohiyo inakuwa robo tatu za wimbi, na sehemu kubwa ya nguvu hupanda kwenye nyuzi 45 hadi 50, palepale setilaiti inapokuwa karibu nasi. Uzuri huu haununuliwi dukani, unatokana na masafa yenyewe kuwa moja kwa tatu.

Mpwa wangu alinirekodia mapito kadhaa tukiwa tumeegesha karibu na ufuo. Sauti inaanza, inafifia kwenye nyuzi 20 hivi, kisha inarudi kwa nguvu na kukaa. Mfifio huo ni wa kawaida kwa robo tatu za wimbi: mawimbi yake hutoka kama ndimi mbili, na kati ya ulimi wa chini na wa juu kuna pengo. Setilaiti ikiwa utosini kabisa hufifia tena, kwa muda mfupi. Kwa Kituo cha Anga cha Kimataifa, ambacho hapa mara nyingi hupita chini chini, fimbo ya sentimita 17 iliyo robo ya wimbi kwenye 435 inafaa zaidi, kwa hiyo ninayo kwenye mfuko wa mlango.

Juni: kujisikia mwenyewe

Nataka nisikie sauti yangu ikirudi wakati natuma. Tatizo ni kwamba redio inayotuma huvuja pia kwenye mara tatu ya masafa yake: 145.880 mara tatu ni 437.640, karibu mno na masafa ya kupokea, na redio ya pili, ile ya kusikilizia, inazibwa masikio. Daipleksa, kifaa kinachotenganisha masafa ya 145 na 435, kati ya fimbo na redio mbili imepunguza hilo sana kwa wati 5. Kwa wati 25 bado inaziba, na kwa setilaiti hii sina haja ya wati 25.

Kinachofuata ni kikuza ishara cha 435, kikae juu, karibu na fimbo, kabla ya zile mita 5 za waya. Lakini kwanza lazima nipate chujio la kukikinga na 145, vinginevyo kitazibwa kabla ya redio.