Siku babu aligoma kula mpaka mama aje

Binti yangu karudi sandeskuli juzi na swali lake, hata viatu hajavua. "Mama, yule mama mkwe wa Petro alivyopona homa, na yeye alikula nao au aliwapakulia tu?" Nikabaki nimeshika mwiko. Marko 1 nimeisoma tangu utotoni, nimeifundisha hadi kwenye vipindi vya akina mama, na sijawahi kujiuliza. Imeandikwa homa ikamwacha, akawatumikia, basi, jioni ikaingia na wagonjwa wengine wakajaa mlangoni. Kama alipata hata tonge hatuambiwi. Nikamwambia kamuulize mwalimu wako. Ila mimi akili ilishafika Tukuyu, kwetu Mbeya, Agosti 1995, kwenye sebule ya babu.

Wa kwetu hapa mnajua nakoenda. Kwa wengine, iko hivi: kwa Wanyakyusa wa zamani (na wa sasa pia wapo, tusidanganyane) mke wa mtoto wa kiume na baba mkwe wake hawaonani. Yani hawaonani kweli. Akimwona anakuja njiani anachepuka kwenye migomba, chumba alichopo mzee yeye haingii, kula pamoja ndo usiseme kabisa. Siyo chuki, ni heshima, na mama yangu aliolewa kwenye hiyo heshima akaibeba bila kulalamika. Babu naye kabla hajatokea uani alikuwa anakohoa kwanza, kikohozi cha makusudi, ili mama apate muda wa kupotea. Chakula kilikuwa kinapikwa jiko la nje, mama anapakua, mimi napeleka sinia sebuleni kwa babu na baba na baba wadogo, wanawake na watoto tunabaki na sufuria zetu jikoni, moshi na vicheko.

Na huyo babu alikuwa mzee wa kanisa, Moravian wa damu. Wamisionari walifika Rungwe 1891, kwa hiyo mpaka mimi nazaliwa Injili na mila vilishakaa nyumba moja muda mrefu. Pombe hakugusa, mke wa pili hakuoa, lakini hili la mkwe sikuwahi kusikia mtu analigusa pale nyumbani.

Sasa mwaka huo tarehe 13 Agosti ikaangukia Jumapili, na Wamoravian tunajua tarehe hiyo. 1727, kule Ujerumani, watu wa kijiji cha Herrnhut, Wamoravian wenzetu wa mwanzo, ambao walikuwa wamegombana mpaka basi, walishiriki Meza ya Bwana kanisani Berthelsdorf wakapatana, wakarudi nyumbani wakawa hawataki kuachana, wamekaa vikundi vikundi majumbani, Zinzendorf, yule bwana mwenye ardhi waliyokaa, akawapelekea chakula kutoka jikoni kwake ili wasitawanyike. Ndo chanzo cha karamu ya upendo tunayofanya mpaka leo. Mhubiri wa siku hiyo akaisimulia vizuri, halafu akafungua Wakorintho wa kwanza 11, pale Paulo anawasema wale waliokuwa wanawahi kula huku wenzao wana njaa, akalikazia lile neno, mngojane. Akalirudia sana. Mi nilikuwa nasinzia, nilikuwa mtoto, nawaza ndizi.

Tukarudi. Nikapeleka sinia kama kawaida, ndizi na nyama, maharage, wali wa Kyela kwa sababu baba alikuja nao, nikashika jagi na beseni nikawanawisha. Babu akanawa. Akakaa. Hakugusa. Baba akamwangalia, baba mdogo akarudisha mkono uliokuwa umeshafika kwenye nyama. Babu akasema, bila kupandisha sauti, "Kamwite bibi yako. Na mama yako. Na watoto wote." Nikadhani nimesikia vibaya nikasimama palepale na beseni langu. Akasema tena.

Jikoni nilivyotoa ujumbe mama alicheka, akajua nimechanganya maneno. Bibi hakucheka. Bibi alikaa kimya kidogo halafu akasema mzee akiamua kaamua, twende mwanangu, na mama akasema siwezi, bibi akasema chakula kinapoa. Walibishana mpaka chakula kikapoa kweli, na kule ndani hakuna aliyekula.

Basi mama akaingia. Naiona mpaka leo. Kanga moja kiunoni, nyingine kajifunika kichwa mpaka usoni, anatembea kiubavuubavu huku bibi kamshika mkono kama anamvusha mto, akafika kwenye kona ya mbali akakaa kwenye mkeka, mgongo kwa meza, uso ukutani. Na babu, ambaye ndo kaita, alikuwa ameshageuza kiti chake anatazama dirishani. Kwa hiyo wako chumba kimoja, wanakula chakula kimoja, mmoja anaangalia ukuta mwingine anaangalia migomba, na sisi katikati hatujui macho tuyaweke wapi. Mtu angetuchungulia angedhani ukoo mzima umegombana. Babu akaomba, sala ndefu, akasema amina. Tukala. Hakuna aliyeongea, nasikia vijiko tu, na baba yangu mtu wa maneno mengi siku hiyo alitafuna kama yuko msibani. Watoto hatukuthubutu hata kuomba nyongeza.

Mwisho babu akasema "ndaga fijo", yani asante sana. Akaliambia dirisha.

Mama na bibi walirudi jikoni wakacheka mpaka machozi, wakapakua upya, wakala vizuri sasa. Safari iliyofuata mila ilirudi kama ilivyokuwa, kikohozi na sinia, babu hakuita tena na hakuna aliyemuuliza. Ila sinia likawa linarudi na finyango nzuri haijaguswa, ananiambia mpelekee mama yako. Babu kafariki na sababu zake. Bibi aliwahi kusema mzee alikuwa mpweke tu, sisi huku tunacheka na yeye kule anasikia, kwamba wala siyo mahubiri. Inawezekana. Mi bado naona yalikuwa mahubiri pia, maana kwa mtu wa umri wake kukaa na njaa mbele ya nyama siyo mchezo.

Tatizo langu ni kwamba kila nikisikia semina ya familia wanasema Mkristo ale mezani na watu wake, nasema amina, na kwangu tunafanya hivyo, lakini jicho langu linaenda kwa anayeinuka kufuata maji. Na mara nyingi mezani hapo hakuna kicheko kama cha lile jiko. Sasa meza ya upendo ilikuwa ipi siku ile, sijui, na sitaki kumsingizia mzee aliyejaribu.

Jana nimempigia mama nikamuuliza anakumbuka nini. Nikategemea machozi kidogo. Akasema, "Zile ndizi nilisahau chumvi. Watu wote mle ndani, na hakuna aliyefungua mdomo kuniambia." Halafu akaniuliza bei ya parachichi huku Dar.