Mwana wa Mtunza Uwanja

Nimeitazama filamu ya Tommy's Honour mara tatu, na mara zote hizo kilichonirudisha si gofu, bali namna mzee mmoja anavyosimama mbele ya mabwana wanaomlipa mshahara. Mzee huyo ni Tom Morris, anayeigizwa na Peter Mullan: mtunza uwanja wa St Andrews huko Scotland, fundi wa fimbo na mipira, na bingwa mara nne wa mashindano ya wazi ya Uingereza yaliyoanza mwaka 1860 na ambayo yangali yakichezwa hadi leo. Kando yake yupo mwanawe, Tommy, anayeigizwa na Jack Lowden, naye ana mataji manne ya mashindano hayohayo, tena aliyapata yote kabla hajatimiza miaka 22. Baba alijifunza kuinamisha kichwa na mwana alikataa. Waandishi wangeweza kutuletea orodha ya ushindi na kombe linaloinuliwa juu huku muziki ukipanda, lakini wakachagua kutuonyesha watu wawili wenye kipaji kimoja na jina moja, wasioelewana hata kidogo juu ya thamani ya kipaji hicho na nani ana haki ya kuipanga.

Filamu hii ilifungua tamasha la filamu la Edinburgh mwaka 2016. Imetokana na kitabu cha Kevin Cook, ambaye aliandika pia mswada wa filamu pamoja na mkewe, Pamela Marin, na mwongozaji wake ni Jason Connery. Siwezi kuacha kutaja kwamba Jason ni mwana wa Sean Connery, Mskoti maarufu kuliko wote waliowahi kusimama mbele ya kamera na mpenzi mkubwa wa gofu. Sijui mtu anayefaa zaidi kusimulia habari za kijana aliyekulia chini ya jina la baba yake.

Ili mtu aione vizuri hadithi hii inambidi aujue ulimwengu wa gofu wa miaka ile. Mabwana wenye ardhi na vyeo ndio waliokuwa wanachama wa klabu, na wachezaji hodari kuliko wao walikuwa makedi (wabeba fimbo), mafundi na watunza uwanja. Mabwana waliweka dau kubwa, watumishi wakacheza, na mchezo ulipokwisha mshindi akapewa kiasi ambacho tajiri wake aliona kinatosha. Tom Morris alizaliwa ndani ya mpango huo na hakuwahi kuuona kama dhuluma. Akiwa na miaka 14 alianza kujifunza ufundi kwa Allan Robertson, bingwa wa zama hizo, aliyetengeneza mipira kwa kushindilia manyoya yaliyochemshwa ndani ya mfuko mdogo wa ngozi mpaka ukawa mgumu kama jiwe. Ulipokuja mpira mpya wa utomvu wa mti kutoka Asia ya Kusini-Mashariki, ambao ulikuwa wa bei nafuu na ulioweza kufinyangwa upya ukiharibika, Tom akaukubali, Allan akauona adui wa riziki yake, na wawili hao wakaachana. Tom akahamia Prestwick, magharibi mwa Scotland, mwaka 1851, mwaka huohuo aliozaliwa Tommy, na aliporejea St Andrews katika miaka ya 1860 alipewa kazi ya kuutunza uwanja kwa mshahara wa pauni 50 kwa mwaka. Alifanya kazi hiyo kwa toroli, sepetu na koleo. Aligundua kwamba mchanga ukimwagwa juu ya nyasi zilizochoka hurudi zikiwa na afya, akawa anaagiza mchanga, na mchanga tena, kwa miaka karibu 40.

Mtu wa namna hiyo ni rahisi kumdharau ukiwa kijana. Nasema hivyo kwa sababu nimefanya kosa hilo. Baba yangu aliitumikia ofisi moja kwa miaka mingi, akiwaita mabosi vijana ambao yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha kazi, na kwa muda mrefu nilimhesabu kuwa mnyonge. Nilipomwona Mullan akimeza jibu lake mbele ya bwana anayemkemea, kisha akageuka kwenda kuchukua sepetu yake, nilimkumbuka baba kwa namna ambayo sikuwa nimemkumbuka tangu tumzike. Mullan haigizi mtu aliyevunjika. Yule ni mtu aliyehesabu midomo inayomsubiri nyumbani, akaamua ni maneno gani anaweza kuyamudu na ni yapi hawezi.

Tommy alikuwa na hesabu nyingine. Alisomeshwa katika Ayr Academy, shule ya watoto wa wenye uwezo, na hapa ningependa filamu ingekaa zaidi, kwa kuwa naamini ndipo ilipo mizizi ya tabia yake. Mtoto aliyeketi darasani na wana wa mabwana, akawaona wakishindwa hesabu kama watoto wengine wote, hawezi tena kuambiwa ukubwani kwamba wao wameumbwa kwa udongo tofauti. Alipoanza kushinda hakuona sababu ya kusubiri mkononi mwa mtu. Alitaka fedha zijulikane kabla ya mpira wa kwanza kupigwa, na rafiki yake Davie Strath naye akawa hivyohivyo. Leo jambo hilo linaonekana dogo, maana hakuna mchezaji wa kulipwa anayeingia uwanjani bila mkataba. Wakati ule ilikuwa kana kwamba farasi ameomba kugawana zawadi na mwenye farasi.

Kiwango chake cha mchezo ndicho kilichompa ujasiri huo. Mwaka 1868, huko Prestwick, alitwaa ubingwa akiwa na miaka 17, na hadi leo hakuna aliyewahi kuutwaa akiwa mdogo kuliko yeye. Mwaka mmoja kabla yake baba yake aliushinda akiwa na miaka 46, na hadi leo hakuna aliyeushinda akiwa mzee kuliko yeye. Rekodi mbili za pande mbili za maisha zimekaa ndani ya nyumba moja kwa zaidi ya miaka 150. Tommy akashinda tena mwaka 1869, kisha mwaka 1870 akafanya jambo ambalo kila mpenzi wa gofu anapaswa kulitafakari polepole. Uwanja wa Prestwick ulikuwa na mashimo 12, wachezaji wakiuzunguka mara tatu kwa siku moja, na shimo la kwanza lilikuwa na urefu wa yadi 578. Kwa fimbo za mti na mpira ule wa utomvu, mchezaji mzuri alifurahi kulimaliza kwa mikwaju sita, yaani kwa kuupiga mpira mara sita. Tommy alilimaliza kwa mikwaju mitatu. Alimaliza siku kwa mikwaju 149, akiwaacha waliomfuata, Bob Kirk na Davie Strath, kwa mikwaju 12.

Zawadi ya ubingwa wakati huo ilikuwa mkanda mpana wa ngozi nyekundu wenye mapambo ya fedha, na kanuni ilisema atakayeushinda mara tatu mfululizo utakuwa wake. Tommy akaenda nao nyumbani. Waandaaji wakabaki hawana cha kushindaniwa, na mwaka 1871 mashindano hayakufanyika kabisa. Yaliporudi mwaka 1872, kwa ushirikiano wa klabu tatu na kwa kombe jipya la fedha, aliyeshinda alikuwa yeye tena. Kombe lenyewe halikuwa tayari siku ile, lakini jina lake ndilo la kwanza kuchorwa juu yake, na kila bingwa wa leo anayelibusu mbele ya kamera anabusu kombe linaloanza na jina la mtoto wa mtunza uwanja.

Filamu haikuweka uzito wote katika mambo haya, na nadhani imefanya sawa, ingawa mpenzi wa mchezo anaweza kulalamika kwamba hatuonyeshwi vya kutosha jinsi ustadi huo ulivyojengeka. Wanaosimulia habari zake wanasema alizungusha fimbo kwa nguvu kiasi cha kofia yake kumwanguka kichwani, na kwamba alitumia chuma kidogo kilichotengenezwa kwa ajili ya kuopoa mpira kwenye alama za magurudumu ya mikokoteni, akaufanya mpira upae na kutulia karibu na shimo kwa namna ambayo watu hawakuwa wameizoea. Ufundi kama huo ulistahili dakika kadhaa za utulivu. Lalamiko langu kubwa, hata hivyo, ni mabwana. Sam Neill, katika nafasi ya Boothby, nahodha wa klabu, anafanya kazi nzuri, lakini kundi linalomzunguka limechorwa kwa rangi moja tu ya kiburi. Mpango wa dhuluma hauendeshwi na watu wabaya peke yao. Huendeshwa pia na watu wakarimu na wacheshi, ambao wangeshangaa kweli kuambiwa kwamba wanamwonea mtu, na Tom asingeweza kuwaheshimu kwa moyo mweupe miaka yote ile kama wangekuwa wote ni wa sura hii tunayoonyeshwa.

Sehemu ya Meg ndiyo iliyonishangaza kwa uzuri wake. Margaret Drinnen alitoka katika familia ya wachimba makaa ya mawe wa Whitburn, alikuwa mtumishi wa nyumbani, alimzidi Tommy umri kwa miaka kama kumi, na kabla hajakutana naye alikuwa amezaa mtoto nje ya ndoa na mtoto huyo akafa. Kwa kanisa la wakati ule hayo yalitosha kumfunga mwanamke maisha yake yote. Walifunga ndoa mwishoni mwa mwaka 1874, na wazazi wa Tommy hawakuhudhuria. Ophelia Lovibond anamwigiza bila kuomba huruma ya mtazamaji. Ndipo nilipoona kwamba ukaidi wa Tommy mbele ya mabwana na uaminifu wake kwa Meg ni tabia moja. Katika mambo yote mawili alikuwa akikataa watu wengine wamwekee mtu bei, na safari hii waliokuwa wakiweka bei hiyo ni wazazi wake.

Kisha inakuja Septemba 1875. Baba na mwana wako North Berwick, wakicheza pamoja dhidi ya ndugu wawili, Willie na Mungo Park, na mchezo unakaribia kwisha. Meg yuko St Andrews, ng'ambo ya ghuba ya Forth, akiwa na uchungu wa kujifungua. Inafika telegramu kwamba hali yake ni mbaya. Mchezo ukamalizwa, akina Morris wakashinda, na kwa kuwa safari ya treni ingechukua saa nyingi wakapewa mashua ivushe ghuba usiku. Habari ya pili ikaja kwamba Meg amefariki pamoja na mtoto. Masimulizi ya siku ile yanatofautiana kuhusu nani alijua nini na kwa saa ipi, na wapo wanaosema mzee aliikalia ile telegramu ya kwanza mpaka mpira wa mwisho ulipoingia shimoni. Nimelifikiria jambo hilo siku nyingi. Mtu aliyefundishwa tangu utotoni kwamba mchezo wa mabwana haukatizwi anashika karatasi mkononi, mashimo mawili yamebaki, fedha za watu zimewekwa dau, na mke wa mwanawe anakata roho mbali ng'ambo ya maji. Sitaki kumhukumu. Ila naelewa kwa nini waandishi wameufanya uhusiano wote wa wawili hawa ufungwe fundo hapo, kwa sababu katika dakika zile chache utii wa Tom uligharimu kitu ambacho hakuna mshahara ungeweza kukirudisha.

Tommy hakupona. Miezi michache baadaye alikubali kucheza dhidi ya bwana mmoja, Arthur Molesworth, kwa siku kadhaa mfululizo huko St Andrews, akimpa mpinzani wake mkwaju mmoja wa bure katika kila mashimo matatu, na theluji ikaanguka mchezo ukiendelea. Wangeweza kuahirisha. Tommy hakutaka, akacheza ndani ya theluji ile na akashinda. Picha ya kijana yule akitafuta mpira katika weupe mtupu, huku kila mtu akitamani arudi ndani apashe mwili moto, ndiyo inayonibakia kila filamu inapokwisha. Asubuhi ya Krismasi ya mwaka huohuo alikutwa amekufa kitandani, kutokana na damu iliyovuja mapafuni. Alikuwa na miaka 24. Watu walisema amekufa kwa kuvunjika moyo, na inasimuliwa kwamba baba yake alijibu kuwa kama jambo hilo lingewezekana, yeye mwenyewe asingekuwa hai.

Tom aliendelea kuwa hai kwa miaka 32 na zaidi. Alimzika mkewe mwaka uliofuata, akawazika na watoto wake waliobaki mmoja baada ya mwingine, akachora viwanja vya gofu sehemu nyingi za Scotland na kwingineko, akaogelea baharini asubuhi, akautunza uwanja wake mpaka mwaka 1903, na akafa mwaka 1908, akiwa na miaka 86, baada ya kuanguka kwenye ngazi za klabu yake.

Klabu 60 za gofu zilichanga fedha ili kumjengea Tommy kumbukumbu katika makaburi ya kanisa kuu la St Andrews. Ni sanamu ya mawe ukutani, kijana aliyevaa kofia yake, ameinama kidogo juu ya mpira akiwa tayari kuupiga. Maneno yaliyochongwa chini yake yanasema kwamba alishinda mkanda mara tatu mfululizo, akaushika bila mpinzani na hata hivyo bila kuonewa wivu, na kwamba tabia yake njema ilitambuliwa na watu si chini ya ushindi wake. Kaburi la Tom ni bamba la jiwe lililolazwa chini, miguuni pa mwanawe.