Siku moja maishani mwa fundi wa kompyuta zenye Windows na Linux

Saa 2 asubuhi. Mezani kuna flashi ya kuwashia Linux, daftari na kalamu. Kalamu hutumika kuliko bisibisi, maana mpangilio wa diski unaandikwa kabla ya kugusa chochote. Watu hudhani kompyuta ya mifumo miwili ikigoma kuwaka, fundi anafomati tu. Kufomati ni uvivu.

Saa 3. Kompyuta ya kwanza inaingia Windows moja kwa moja, menyu ya GRUB (programu ya kuchagua mfumo wakati wa kuwaka) haionekani. GRUB ni nzima, ila Windows imejisogeza mbele kwenye orodha ya UEFI, programu ya ndani inayoiwasha kompyuta. Nawasha kwa flashi, `efibootmgr` inanipa namba, kisha `efibootmgr -o 0002,0000`. Dakika tano. (Flashi nayo iwashwe kwa UEFI, la sivyo folda ya /sys/firmware/efi haipo na amri inagoma.)

Saa 4. Laptopu ya zamani, BIOS (iliyotangulia UEFI) na MBR (mtindo wa zamani wa kugawa diski). Kioo cheusi: `error: unknown filesystem`, chini yake `grub rescue>`.

"Ulifanya nini kabla haijagoma?"

"Sijagusa kitu, fundi."

Haya. Hapo GRUB inajua amri nne tu: ls, set, unset na insmod. `ls` inaonyesha patisheni, yaani vipande vya diski: 1, 2, 5 na 6. Najaribu `ls (hd0,msdos1)/`: haisomeki. Ya 2 vilevile. Mteja aliyeniinamia begani anaanza kuhema, faili zake zimekwenda! Hazijakwenda. GRUB haijapakia moduli ya NTFS, mtindo wa Windows wa kupanga faili, kwa hiyo Windows yote kwake ni ukuta. Ya 5 inatoa boot, etc, home. Hiyo ndiyo Linux. Lakini `set` inasema prefix, mahali GRUB inapotafuta faili zake, iko (hd0,msdos6).

"Hapa palikuwa na patisheni ya D?"

Kimya.

"Aa, ile D niliifuta tu. Ilikuwa tupu."

Kwenye MBR, patisheni za ndani (logical) huhesabiwa kuanzia 5. D ilikuwa 5, Linux 6, swap (nafasi ya kusaidia RAM) 7. D ilipofutwa, zilizobaki zikasogea nafasi moja. GRUB ikabisha hodi kwa 6 kama ilivyozoea, ikaikuta swap.

`set root=(hd0,msdos5)`
`set prefix=(hd0,msdos5)/boot/grub`
`insmod normal`
`normal`

Menyu hiyo! Wengi huishia hapa, na kesho kioo ni kilekile, maana ulichoandika kimekaa kwenye RAM tu. Ukishaingia Linux: `sudo grub-install /dev/sda` (diski nzima sda, si patisheni sda5), halafu `sudo update-grub`.

Mchana, chai imepoa, mteja wa D huyo amerudi. "Fundi, umenifutia Windows." Menyu ina Linux peke yake. Tangu GRUB 2.06 ya mwaka 2021, os-prober haitafuti mifumo mingine mpaka uiruhusu. Kwenye /etc/default/grub naweka `GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false`, `update-grub` tena, Windows imeonekana. Hilo kosa langu, ningeikagua menyu kabla ya kumkabidhi.

Nyingine mbili za UEFI, zote za chroot, yaani kuwasha kwa flashi kisha kuingia Linux iliyo kwenye diski. Moja nilisahau kupachika patisheni ya EFI kwenye /mnt/boot/efi, grub-install ikanigomea. Macho yamechoka.

Nafunga, simu inaita. Yule wa D anauliza kama nafasi iliyobaki wazi anaweza kuiunganisha na C mwenyewe. Nimemwambia asiguse, ailete kesho.