Akika mbili na beseni la matunda

Kwenye akika ya mtoto wa kwanza wa kaka yangu, nyumbani kwetu Bombo, watu walikunywa matunda yangu. Walikunywa kwa vikombe, na shangazi yangu mmoja akarudi mara ya pili kuomba "ile supu tamu." Wala hakuwa akinitania.

Ilikuwa Januari, kiangazi kile ambacho vumbi la barabara ya Gulu hukaa hewani mpaka magharibi. Pilau na mbuzi vilikuwa mikononi mwa mama na wenzake, watu wasiohitaji ushauri wa mtu. Mimi, kwa kuwa naishi Kampala na wananidhania najua mambo ya kisasa, nikapewa matunda. Usiku wake nikakata kila kitu: nanasi, papai, tikiti, embe, ndizi. Nikachanganya kwenye beseni moja, nikamwagia kikombe kizima cha sukari, nikafunika kwa kawa, nikalala roho safi. Asubuhi ndizi zimekuwa nyeusi, papai limevurugika, vipande vilivyobaki vinaogelea. Sukari huvuta maji kutoka ndani ya tunda, na chumvi ni hivyo hivyo. Ukiipa usiku kucha inayavuta na kukuachia nyuzinyuzi.

Kulikuwa na jeli pia, niiseme niitue. Nilinunua pakiti za unga wake, baada ya kuhakikisha gelatini yake ni halali, nikakoroga kwa maji ya moto, nikatia vipande vya nanasi bichi na kuweka kwenye friji. Adhuhuri ikawa bado ni maji mekundu. Nikailaumu friji. Kumbe nanasi bichi lina kimeng'enya kiitwacho bromelaini, kinachovunja protini, na gelatini ni protini tupu. Ndicho kinachotuwasha ulimi tukilifakamia nanasi. Papai lina ndugu yake, ndiyo maana mama zetu hupaka papai bichi kwenye nyama ngumu. Nanasi likichemshwa kidogo kimeng'enya kinaharibika na jeli inaganda vizuri, lakini sikujaribu tena. Jeli kwenye jua la Bombo ni kazi ya kujitakia.

Miaka miwili baadaye kaka akapata mtoto wa pili, tena Januari, na matunda yakanirudia. Sijui ni imani au adhabu. Safari hii nilijiuliza jambo moja tu kwa kila tunda: maji yake yatabaki ndani kwa njia gani?

Siku mbili kabla ya akika nilipanda teksi kwenda Wobulenzi kutafuta mananasi, maana wilaya yetu ya Luweero ndiyo kwao. Nikawa nachagua yaliyoiva manjano kama ya kwenye picha. Mama mwenye meza akaniangalia akachoka. "Nyabo, rangi itakudanganya. Nusa matako." Akageuza nanasi moja la kijani kijani, akanisogezea upande wa chini puani. Lilinukia kama asali. Lile la manjano nililokuwa nimelikumbatia lilinukia pombe. Nikachukua kumi na mawili, yote ya kunusa.

Nyumbani nikayamenya kwa maganda membamba, kisha nikafuata macho yake kwa kisu kwa mshazari, mfereji mmoja baada ya mwingine kuzunguka tunda. Ukifanya hivyo macho yanatoka na nyama inabaki. Ukimenya kwa pupa unatupa robo ya nanasi. Nikalikata kila moja vipande virefu, nikavitumbukiza dakika kumi kwenye maji yenye chumvi kidogo ili visiwashe, nikavilaza juu ya kitambaa safi mpaka vikauke juu. Hatua hii ya kitambaa ndiyo watu huiruka. Kipande chenye maji juu yake huganda na mwenzake, na kesho yake unapigana na jiwe. Nikachoma vijiti vya muchomo, nikavipanga kwenye sinia bila kugusana, vikaingia kwenye friza la jirani.

Zile ndizi ndogo, sukali ndizi, nilizichoma vijiti pia, nikazichovya kwenye mtindi mzito na kuzigaragaza kwenye simsim iliyokaangwa na kutwangwa nusu nusu. Zikiganda hazipati muda wa kuwa nyeusi. Watoto walizimaliza kabla watu wazima hawajajua kwamba zipo, kwa hiyo sina ushahidi zaidi. Pasheni nilikamua, nikachuja mbegu, nikaigandisha kwenye vile visahani vya barafu. Barafu ya maji ikiyeyuka inaharibu juisi. Barafu ya pasheni ikiyeyuka inakuwa pasheni.

Usiku huo umeme ukakatika saa nne. Jirani alitaka kufungua friza "tuone tu kama viko salama," nikamsihi kama mtu anayesihi mkwe. Friza lililojaa, ukiliacha limefungwa, linashika baridi siku nzima na zaidi. Umeme ulirudi alfajiri, na vijiti vilikuwa vigumu kama vilivyoingia.

Matikiti na maembe hayakuguswa na kisu mpaka saa sita mchana. Matikiti niliyaosha kwanza maganda kwa sabuni na kuyasuuza. Dada yangu alicheka, lakini kisu hupita kwenye ganda kabla ya kufika ndani, na uchafu huenda nacho. Nikayakata pembetatu na ganda lake, liwe mshikio. Maembe nilichagua yenye ugumu kidogo, nikayakata vipande vyembamba na kuyapanga makavu. Chumvi, pilipili ya unga na ndimu nikaviweka kwenye vibakuli pembeni, kila mtu achovye anapotia mdomoni. Mara ya kwanza ningeyanyunyizia yote palepale, na nusu saa baadaye tungekuwa tena na supu. Vyote nilivitoa kidogo kidogo kutoka kwenye boksi la barafu, maana tunda lililokatwa sipendi likae kwenye joto hata saa moja.

Binamu yangu alileta fenesi bila kuulizwa, kubwa kama mtoto wa darasa la kwanza. Nikapaka mafuta ya kupikia kwenye mikono na kisu kwa sababu ya utomvu, nikampa alikate mwenyewe nyuma ya nyumba. Lilikuwa tamu, sikatai.

Baada ya dua, shangazi akaja mezani. Akatazama vijiti, akatazama vibakuli, akaonja embe moja na pilipili, akatafuta chini ya kitambaa.

"Na ile supu, mwanangu?"

Nikamwonyesha jagi. Maji yote yaliyochuruzika ubaoni wakati wa kukata nilikuwa nimeyakinga humo, juu ya barafu ya pasheni. Akanywa vikombe viwili, akapangusa mdomo kwa ncha ya mtandio.

"Ya mwaka ule," akasema, "ilikuwa na sukari zaidi."