Namba Zisizojumlishwa: Kupanga Seli za Maandishi katika Excel

Kila ninapopokea orodha ya wanachama wa kikundi iliyoandaliwa kwa Excel, hutazama kwanza namba zimeegemea upande gani. Seli ambayo haijapangwa huegemeza namba kulia na maandishi kushoto. Kwa hiyo safu ya simu iliyoegemea kulia huniambia mapema kwamba sifuri za mwanzo zimekwisha kupotea.

Sifuri ya simu si hasara kubwa, maana kila mtu anajua mahali pa kuirudisha. Linaloumiza ni namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa cha Tanzania. Namba hiyo ina tarakimu 20, zikianza na mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, ilhali Excel huhifadhi tarakimu 15 tu za namba yoyote. Ukiiandika mfululizo, seli itaonyesha kitu kama 1.99001E+19, na tarakimu tano za mwisho zitageuka sifuri. Kubadili mpangilio wa seli baadaye hakuzirejeshi, kwa sababu programu haikuzihifadhi popote. Ajabu ni kwamba aliyeiandika kwa vistari huokoka bila kujua, kwani vistari huifanya Excel iichukue kuwa maandishi.

Safu ya namna hii, basi, hupangwa kabla ya kujazwa: chagua safu nzima, bonyeza Ctrl na 1, kisha uchague Text. Kwa seli moja moja, inatosha kutanguliza alama ya apostrofi. Pembetatu ya kijani itakayojitokeza kwenye kona ya seli ni tahadhari tu, na atakayekubali pendekezo lake la kugeuza maandishi kuwa namba atakuwa ameibomoa kazi yote.

Faili la CSV, yaani la maandishi matupu yanayotenganishwa kwa mkato, linahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa halibebi mpangilio wowote wa seli, na ukilifungua kwa kulibofya mara mbili Excel hukisia upya kila safu. Ni salama zaidi kuliingiza kupitia menyu ya Data na kuizuia programu isikisie aina za data. Hata wanasayansi wa jeni walichoshwa na ukisiaji huu: mwaka 2020 ilitangazwa kwamba jeni kadhaa zimebadilishwa majina, SEPT1 ikawa SEPTIN1, kwa kuwa Excel iliisoma kama tarehe ya Septemba.

Safu ya michango, hata hivyo, iachwe iwe ya namba. Kiasi kilichohifadhiwa kama maandishi hurukwa na SUM, fomula ya kujumlisha, pasipo onyo lolote kwenye jumla, na fomula iliyoandikwa ndani ya seli ya Text hubaki ikionekana kama ilivyoandikwa, bila kukokotoa chochote.