Mashine ya msasa niliyoambiwa imekufa

Mashine yangu ya kupiga msasa, ile ya duara ya milimita 125, ilianza kuzimazima katikati ya kazi. Nikiigonga ubavuni inawaka, nikiielemea kidogo inazima tena. Nikaipeleka kwa fundi wa kusuka mota. Hata skrubu moja hakuifungua. "Kaka, mota imeungua hii. Nikusukie kwa elfu themanini, au katafute nyingine."

Mpaka leo inaniuma. Mota iliyoungua inanuka vanishi ya waya, wala haifufuki kwa kofi. Ukiona mashine inafufuka kwa kofi, kaangalie kaboni kwanza, vile vipande viwili vinavyopeleka umeme kwenye rota (sehemu ya mota inayozunguka), au waya uliokatikia ndani.

Nilirudi nayo karakana, Keko, Dar es Salaam, nikaifungua mwenyewe. Kaboni moja ilikuwa imebaki kama punje ya mahindi, springi imefika mwisho wa kusukuma. Ya pili ilikuwa bado ndefu kidogo lakini imekwama kwenye nyumba yake, vumbi la mbao ya mninga limegandana pembeni. Nilibadilisha zote mbili, maana ukiweka mpya moja zinalika vibaya. Ile shaba ya rota, ambapo kaboni zinagusa, niliifuta kwa kitambaa chenye spiriti hadi ikarudi kung'aa.

Shida ilikuwa saizi. Yangu ni milimita 5 kwa 8, na mtaa wa maduka wa Gerezani niliuzunguka wote bila kuipata. Nikachukua pana kidogo, pea mbili, kama elfu sita hivi, nikaamua kuzichonga. Niliweka msasa namba 400 juu ya kipande cha kioo, nikashika kaboni kwa vidole viwili bila kuvuta waya wake, nikasugua kwenda na kurudi, mara kumi upande huu, mara kumi ule, kisha naijaribisha kwenye nyumba yake. Unga wake mweusi uliingia hadi chini ya kucha. Pea ya kwanza niliiharibu: nilipitiliza, ikawa inacheza ndani, nikawasha nikaona cheche kubwa kwenye matundu ya hewa. Pea ya pili nilikwenda nayo taratibu, hadi ikawa inateleza kwa uzito wake yenyewe bila kuyumba. Hapo ndipo pake.

Pedi nayo, ile sahani ya chini inayobeba msasa, ilikuwa imeisha kucha zinazoushika. Kuna aliyenishauri nibandike msasa kwa gundi ya fomaika. Msiifanye. Pedi ikishapata moto gundi inalegea. Msasa wangu ulihama nikiwa juu ya ubao wa meza, ukaacha mkwaruzo ambao nililazimika kuurandia upya. Na matundu ya kunyonyea vumbi yaliziba yote. Nilinunua pedi mpya yenye matundu manane, bolti moja tu katikati. Kinachoua pedi ni kukandamiza: joto linayeyusha zile kucha. Uzito wa mkono unatosha.

Beringi ya juu, namba 608, nilibadilisha hapo hapo kwa kuwa ilikuwa inalia. Muuzaji akinipa yenye alama ZZ naikataa. Hiyo ina kifuniko cha bati na vumbi letu linapenya. Naomba 2RS, yenye mpira pande zote mbili.

Niliiacha izunguke bure kama robo saa ili kaboni zikae. Mwanzoni cheche zilikuwa nyingi, zikapungua hadi kubaki kamstari kembamba ka bluu. Usiku uleule nilimaliza meza ya mninga iliyokuwa imenisubiri siku mbili.